Menelaus alipataje kiti cha Sparta? Wakwe, mabinti na wafalme wa hadithi za Wagiriki

Swali: "Mwalimu, naomba unitoe tongotongo. Nimekuwa nikichora ukoo wa wafalme wa Kigiriki na nimekwama. Agamemnon na Menelaus ni ndugu, baba yao Atreus ni mfalme wa Mycenae. Huyu mdogo amekuwaje mfalme wa Sparta wakati mkewe Helen ana kaka wawili? Diomedes naye baba yake ni mtu wa Calydon, lakini yeye anaongoza watu wa Argos. Kila nikifuata upande wa baba, mstari unakatika. Mahali pengine nimesoma kwamba baba wa Agamemnon ni Pleisthenes, wala si Atreus. Waandishi walichanganya mambo, au kuna utaratibu nisiouona? Na watu hawa waliwahi kuishi kweli?"

Jibu: Ndugu yangu, mchoro wako hauna kosa. Umehesabu baba kwa mwana kama wengi wetu tulivyozoea, ila hadithi hizi mara nyingi hupitisha ufalme kwa mlango mwingine. Mfalme ana binti. Anakuja kijana kutoka nchi nyingine, anamwoa. Mzee akifa au akichoka, mkwe ndiye anayekalia kiti. Mwana wa kiume wa mfalme, kwa upande wake, mara nyingi hayupo: amekufa, amefukuzwa, au amekwenda kuwa mkwe wa mfalme mwingine. Ukilishika hilo, mistari yako mingi iliyokatika itaungana. Mingine haitaungana hata ufanyeje, na sababu yake ninaifikia.

Sparta ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mfalme wake alikuwa Tyndareus. Nyumbani mwake walikulia Castor na Polydeuces, Clytemnestra na Helen. Nani kati yao alikuwa damu ya Zeus na nani damu ya Tyndareus, wasimulizi hawakubaliani, tuliache. Helen alipofikia umri wa kuolewa waposaji walijaa, na mzee akaogopa kwamba akimchagua mmoja, waliobaki watashika silaha. Odysseus wa Ithaca, ambaye alijua hana mali ya kushindana na wenzake, alimpa shauri: waapishwe wote kwanza, kwamba atakayempata Helen wote watamtetea. Pausanias, Mgiriki wa karne ya 2 BK aliyezunguka nchi yake akiandika alichokiona na alichosimuliwa, anasema waposaji waliapa wakiwa wamesimama juu ya vipande vya farasi aliyechinjwa, kisha farasi akazikwa palepale nje ya Sparta. Kiapo hicho ndicho kilichokuja kuwaburuta hadi Troy, pale Paris, mwana wa mfalme wa mji huo, alipomchukua Helen.

Menelaus alichaguliwa. Nduguye mkubwa alikuwa mume wa Clytemnestra, hivyo ndugu wawili wakaoa ndugu wawili, lakini mmoja akampeleka mke kwao Mycenae na mwingine akabaki ukweni. Kaka za Helen je? Katika Iliad, shairi la Homer la vita vya Troy, Helen anasimama juu ya ukuta wa Troy akiwatazama wakuu wa Kigiriki mmoja mmoja, anawatafuta kaka zake na hawaoni. Anadhani labda wanaona haya kwa ajili yake. Hajui kwamba udongo wa kwao umeshawafunika. Apollodorus, mkusanyaji wa visasili wa zama za Warumi, anaifunga hesabu hiyo kwa sentensi moja: Castor na Polydeuces walipoondoka kwenda kwa miungu, Tyndareus alimwita Menelaus na kumkabidhi ufalme.

Shauri la Odysseus halikuwa la bure. Tyndareus alimsaidia kumpata Penelope, binti wa ndugu yake Icarius. Pausanias anasimulia kwamba Icarius alimsihi Odysseus ahamie Sparta, na aliposhindwa akamgeukia binti amwombe abaki. Gari lilipoanza safari ya Ithaca, mzee alilifuata akiendelea kubembeleza, mpaka Odysseus akachoka akamwambia mkewe: fuatana nami kwa hiari yako, au rudi na baba yako. Penelope hakujibu neno, akajifunika uso kwa shela. Icarius akaelewa. Mahali pale akasimamisha sanamu ya Haya. Kwa hiyo una wakwe wawili katika ukoo mmoja: aliyekubali kuhamia ukweni akapata ufalme, na aliyekataa akarudi kisiwani kwake penye mawe na mbuzi.

Odyssey, shairi la Homer la safari ya Odysseus kurudi kwao, ina jambo jingine kuhusu Menelaus ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Proteus, mzee wa bahari, anamtabiria kwamba hatakufa kama watu wengine. Atapelekwa uwanda wa Elysium, mahali pasipo theluji wala dhoruba. Kwa fadhila ipi? Si ushujaa, maana Menelaus ni mpiganaji wa kawaida tu. Anaambiwa waziwazi: kwa kuwa una Helen, na kwao wewe ni mkwe wa Zeus. Hata pepo ameipata kwa ukwe!

Mrithi wake sasa. Menelaus na Helen walikuwa na binti, Hermione. Kwa suria, Menelaus alikuwa na mwana, Megapenthes. Kama ufalme ungekwenda baba kwa mwana, Megapenthes angekuwa na hoja, hata kama mama yake ni kijakazi. Pausanias anasema watu wa Sparta walimpa kiti Orestes, mwana wa Agamemnon, kwa sababu alikuwa mjukuu wa Tyndareus, na wakawaacha wana wa suria. Orestes ni mjukuu wa Tyndareus kwa upande wa mama, Clytemnestra. Juu ya hapo akamwoa Hermione, kwa hiyo amefika Sparta kwa milango miwili na yote ni ya wanawake. Chora mstari wa wafalme wa Sparta kwa wanaume peke yao na utapata Tyndareus peke yake, kisha Menelaus na mwana wa nduguye, wasiohusiana naye. Mchore kwa kupitia Helen, Clytemnestra na Hermione, na utapata ukoo mmoja.

Ukoo wa Atreus wenyewe ulianza vivyo hivyo. Babu yao Pelops hakuwa mtu wa Ugiriki. Alitoka upande wa mlima Sipylus, ulioko Uturuki ya leo, ambako baba yake Tantalus alikuwa mfalme. Ni yule Tantalus anayesemekana alimchinja mwanawe akawaandalia miungu mezani. (Mshairi Pindar, akimsifu Hieron wa Syracuse mwaka 476 KK, alikataa kabisa kuamini kwamba miungu ilikula nyama ya mtu, akasema ni uzushi wa majirani wenye husuda. Mimi nampenda Pindar kwa ubishi wake huo.) Pelops alivuka bahari hadi Pisa, karibu na Olympia, kwa mfalme Oinomaos mwenye binti Hippodamia. Kila mposaji alitakiwa kushindana na baba mtu kwa magari ya farasi, na aliyeshindwa aliuawa. Pelops alimhonga Myrtilus, mwendesha gari wa mfalme. Simulizi moja inasema pini za magurudumu zilitolewa zikawekwa za nta. Oinomaos akafa, Pelops akapata mke na nchi, kisha akamtupa Myrtilus baharini badala ya kumlipa. Myrtilus akalaani kizazi chake chote. Ukifika Olympia, jumba la makumbusho lina sanamu za upande wa mashariki wa hekalu la Zeus, za karne ya 5 KK: Pelops, Oinomaos, Hippodamia na farasi, dakika chache kabla ya mbio.

Atreus na Thyestes, wana wa Pelops, hawakurithi Pisa. Walimuua ndugu yao wa kambo, Chrysippus, wakakimbilia Mycenae, ambako dada yao alikuwa ameolewa katika ukoo wa Perseus. Thucydides, mwanahistoria asiyependa miujiza, anaeleza yaliyofuata kama mtu anayesoma faili la serikali. Mfalme Eurystheus alikwenda vitani Attica, akamwachia mjomba wake Atreus nchi aiangalie. Eurystheus akauawa na wana wa Heracles. Watu wa Mycenae kwa hofu ya wana hao wakamwomba Atreus awe mfalme. Ndivyo ukoo wa Perseus ulivyotoka na wa Pelops ukaingia. Tena ni kwa njia ya mwanamke, ila safari hii aliyefaidika ni kaka wa mama wa mfalme.

Yaliyotokea baada ya hapo unayajua, maana watunzi wa tamthilia waliyachuma miaka mingi: Thyestes kumtongoza mke wa Atreus, Atreus kumlisha nduguye nyama ya wanawe, jua kugeuka njia. Lakini soma Iliad kitabu cha 2, pale Agamemnon anaposimama na fimbo yake ya kifalme. Hephaestus aliitengeneza akampa Zeus, Zeus akampa Hermes, Hermes akampa Pelops, Pelops akampa Atreus. Atreus alipokufa akamwachia Thyestes, na Thyestes akamwachia Agamemnon. Hakuna ugomvi wala karamu ya nyama za watu, fimbo inapita kutoka kaka kwenda kwa mdogo wake na kurudi kwa mwana wa kaka kama mirathi ya watu waungwana. Ama mtunzi hakuijua ile hadithi nyingine, ama aliijua akaamua kuinyamazia mbele ya jeshi zima. Mimi naelekea la pili, ingawa siwezi kukuapia. Fimbo yenyewe, kwa imani ya watu wa Chaeronea, ilikuja kuangukia kwao. Pausanias anasema waliitambikia kila siku, haikuwa na hekalu, na kuhani wa mwaka ule alikaa nayo nyumbani kwake akiiandalia meza ya nyama na maandazi.

Sasa Diomedes wako. Baba yake Tydeus alikuwa mwana wa mfalme wa Calydon, akamwaga damu ya jamaa zake, akafukuzwa. Alipokelewa Argos na mfalme Adrastus, akapewa binti, na katika Iliad Diomedes mwenyewe anajivunia nyumba ile yenye mashamba ya ngano, miti ya matunda na kondoo. Diomedes naye akaoa humo humo. Iliad inamwita mkewe Aegialeia binti wa Adrastus, ambaye kwa hesabu hiyo angekuwa mama yake mdogo, kwa hiyo wengine walimfanya mjukuu wa Adrastus ili aibu ipungue. Na Adrastus? Kabla ya kukaa vizuri Argos aliwahi kuwa mfalme wa Sicyon, kwa sababu mama yake alikuwa binti wa Polybus wa Sicyon aliyekufa bila mwana. Ukiendelea utawakuta Peleus na Telamon, waliomuua ndugu yao Phocus wakafukuzwa Aegina: Peleus akapewa binti na theluthi ya nchi kule Phthia, Telamon akaishia na ufalme wa Salamis. Bellerophon, mkimbizi kutoka Corinth, alipewa kule Lycia binti wa mfalme na nusu ya heshima ya kifalme. Damu mkononi, uhamisho, kutakaswa na mfalme wa ugenini, ndoa, kiti: mfuatano huo unajirudia mpaka unachosha.

Thebes inaugeuza. Oedipus anafika kama kijana mgeni, anaitoa nchi katika janga la zimwi Sphinx, anapewa Jocasta, mjane wa mfalme, pamoja na kiti. Kwa msikilizaji wa Kigiriki hiyo ilikuwa njia ya kawaida kabisa ya shujaa kupata ufalme. Msiba ni kwamba aliyeingia kwa mlango wa ukwe alikuwa mwana wa nyumba, na mjane yule ni mama yake. Nadhani hapo ndipo penye uzito wa kisa kile, na mtu asiyejua desturi ya wakwe hukiona kama bahati mbaya tu.

Kwa nini iwe hivyo? Katika karne ya 19 walikuwapo wataalamu waliodai kwamba hayo ni mabaki ya zama ambazo wanawake walitawala. Sikubaliani nao. Hippodamia hatawali, Helen hatawali, Jocasta hatoi amri. Wao ndio daraja, wanaotawala ni wanaume waliowaoa. Utaratibu wa namna hiyo unajulikana ng'ambo ya bahari ya Aegean: amri ya mfalme Telipinu wa Wahiti, dola ya kale iliyokuwa Uturuki ya leo, kama miaka 3,500 iliyopita, inasema kwamba mwana wa mfalme asipokuwapo, binti wa daraja la kwanza atafutiwe mume, na mume huyo awe mfalme. Wala sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali: tarehe ya Pate inasimulia Mnabahani aliyekuja kutoka Oman, akamwoa binti wa mfalme wa Pate, na baba mkwe akamkabidhi nchi. Ndoa humpa mgeni uhalali ambao upanga hauwezi kumpa. Ndiyo maana Aegisthus, mwana wa Thyestes, akitaka Mycenae, anaanza na Clytemnestra mke wa Agamemnon, na kwa mujibu wa Odyssey anatawala miaka saba kabla Orestes hajarudi kumuua.

Nisikudanganye kwamba ni sheria isiyovunjwa. Nestor wa Pylos amerithi kwa baba, Hector wa Troy angerithi kwa baba yake Priam. Ithaca nayo haieleweki kirahisi. Odysseus akiwa hajarudi, waposaji wanamwania Penelope kana kwamba kiti kiko kwake, huku mmoja wao, Antinous, akikiri kwamba kwa uzazi ni urithi wa Telemachus, mwana wa Odysseus. Na Telemachus anajibu kwamba wakubwa wako wengi Ithaca, yeyote achukue, yeye anataka kuwa bwana wa nyumba yake tu. Laertes, baba wa Odysseus, yu hai shambani na hakuna anayemfikiria kwa ufalme. Mtunzi hajaandika katiba, ametunga shairi.

Nije kwenye Pleisthenes na migongano mingine. Mashairi ya kale ya nasaba yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa ya mshairi Hesiod yanamfanya Pleisthenes baba wa Agamemnon na Menelaus. Iliad inasema Atreus. Baadaye wakapatanishwa: Pleisthenes mwana wa Atreus alikufa kijana, babu akawalea wajukuu. Viraka vya aina hiyo ni vingi, kwa sababu hapakuwa na kitabu kimoja kilichokubaliwa na wote. Kila mji ulikuwa na makaburi yake, matambiko yake na washairi wake, na nasaba ilikuwa hati ya siasa.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, ana kisa kitamu cha Cleisthenes, mtawala wa Sicyon mwanzoni mwa karne ya 6 KK. Alikuwa na vita na Argos, na katikati ya uwanja wa mji wake lilikuwapo eneo takatifu la Adrastus, yule mfalme wa Argos niliyekutajia. Akaenda Delphi, mahali pa kuulizia kauli ya mungu Apollo, kuomba ruhusa ya kumfukuza marehemu. Akajibiwa kwamba Adrastus alikuwa mfalme wa Sicyon, na yeye ni mpiga mawe tu. Cleisthenes hakukata tamaa: akaomba Thebes impe shujaa Melanippus, aliyekuwa adui mkubwa wa Adrastus kwa kuwa alimuulia ndugu na mkwe, akamjengea mahali katika jumba la serikali, na sadaka za Adrastus akamhamishia yeye. Alitarajia marehemu mmoja atamkimbia mwenzake!

Sparta ilifanya kinyume chake. Katikati ya karne hiyo hiyo, ikishindwa mara kwa mara na Tegea, iliambiwa na Delphi iilete mifupa ya Orestes. Msparta mmoja, Lichas, aliipata katika karakana ya mhunzi huko Tegea, ndani ya jeneza la dhiraa saba, kama mita tatu. Sasa jiulize kwa nini Sparta, ambayo wafalme wake wa zama za historia walijihesabu kuwa kizazi cha Heracles, ilimhitaji Orestes. Kwa sababu kizazi cha Heracles, kwa hadithi zao wenyewe, kilimnyang'anya nchi Tisamenus mwana wa Orestes. Kumzika Orestes kwao kuliwapa Wasparta dai juu ya watu wa kale wa Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, si wale waliokuja baadaye peke yao. Hadithi ya mirathi niliyokueleza juu, ya Orestes kupewa kiti cha Sparta, ilikuwa na faida kwa watu hai.

Kama waliwahi kuishi: majumba yaliishi, majina hatuna. Heinrich Schliemann alichimba Mycenae mwaka 1876 akapata makaburi yaliyojaa dhahabu, pamoja na kinyago ambacho mpaka leo watu wanakiita cha Agamemnon. Makaburi yale ni ya karne ya 16 KK, zamani mno kwa vita vyovyote vya Troy. Lango la Simba ni la karne ya 13 KK. Maandishi ya majumba yale, yaliyo kwenye vibao vya udongo, yalisomwa mwaka 1952 na Michael Ventris, na ni hesabu za kondoo, mafuta na wafanyakazi; yanamtaja mfalme kwa cheo chake, wanax, lakini hayana Atreus wala Agamemnon mtawala. Wahiti nao walifanya mkataba katika karne ya 13 KK na mtawala wa Wilusa, mji ambao wengi wanaukubali kuwa Troy, na jina lake Alaksandu linafanana mno na Alexander, jina jingine la Paris. Hilo linaonyesha kwamba wasimulizi walibeba majina ya kale, halithibitishi kisa cha Helen.

Ukirudi kwenye mchoro, weka majina ya mabinti kwa herufi kubwa kama ya waume zao, na kwa kila jina andika pembeni umelitoa kwa nani: Iliad, Apollodorus au Pausanias. Usijaribu kuwaunganisha wote katika karatasi moja. Anza na Sparta na Mycenae pamoja, kwa kuwa zimeoana zaidi ya mara moja, kisha Argos na Sicyon. Athens iwekee karatasi yake. Wao walijidai wafalme wao wa kwanza waliota ardhini, hawakuja na mtu. Lakini hata huko utamkuta mgeni Xuthus amemwoa Creusa binti wa Erechtheus, na Euripides akihangaika katika tamthilia yake kuhakikisha kwamba mtoto atakayerithi ni wa Creusa na Apollo, ili damu ya mgeni isikalie kiti.